Kifaa Kisichokuwemo Kwenye Daftari la Familia

Kisa hiki alikisimulia kwanza dada yangu, Pasaka iliyopita, mbele ya wakwe zangu wa Butiama. Dada anachaji betri za taa za wavuvi wa dagaa pale ufukweni Mwigobero, kwa chaja kubwa aliyoiacha marehemu baba. Vifaa vyake vyote nimeviorodhesha kwenye daftari la familia. Siku moja nikakuta ndani ya chaja hiyo kisaketi kigeni chenye chipu ya bei rahisi. Hakimo daftarini, nikakichomoa.

Dada alipowasha chaja, jenereta inayoipa umeme iliguna, ikazimika. Wavuvi wamesimama na betri tupu, jua linashuka. Akampigia fundi wake wa Bunda, simu ikiwa kwenye spika.

"Hiyo chaja ilikuwaga inagugumia umeme kwa mikupuo, dada. Hako kachipu ndiko kanaifanya inywe taratibu, jenereta isilemewe. Nani amekatoa?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Shemeji," mvuvi mmoja akasema, "injini ya boti yetu usije ukaikagua."

Nilikirudisha mwenyewe, betri zikachajiwa, nao wavuvi wakaingia ziwani wamechelewa. Wote waliokuwepo wako hai, namshukuru Mungu. Ningemshukuru zaidi kama angalau mmoja wao angekuwa msahaulifu.