Mkanda wa Safu ya Mwisho

Saa nne kasorobo asubuhi, abiria wa mwisho anateremka ngazi na mkoba wake, na Mama Mikanda anapanda kwa mlango wa nyuma, ndoo mkononi, kitambaa begani. Haanzi kufagia. Anakwenda moja kwa moja safu ya mwisho, kiti cha dirishani, anainama kutazama mkanda.

Umekunjwa vizuri, upande wa kulia juu ya wa kushoto, kama kanuni ya kazi inavyotaka. Mama Mikanda anatikisa kichwa. "Bado hajarudi kazini," anasema, kisha analowesha kitambaa.

Anayemngoja ni mdogo wake wa tumbo moja, aliyeolewa mbali na kupata kazi ya kusafisha ndege hiyohiyo ikitua kwenye uwanja wa huko. Kwa miaka saba dada hawa wamesalimiana kupitia kiti hicho kimoja: kila mmoja akikimaliza, huukunja mkanda kinyume, wa kushoto juu ya wa kulia. Ndege huruka, salamu inafika.

"Simu tunazo, lakini salio huisha," anasema akifuta vimeza. "Mkanda hauishi."

Kati ya viwanja hivyo viwili pana kilomita mia sita na ushee. Kwa basi ni siku mbili za kuvunjika mgongo. Kwa ndege ni dakika hamsini, hata usingizi haujakolea.

Mwezi uliopita mkanda ulianza kurudi umekunjwa kikanuni. Simu ya mdogo wake haikupatikana. Siku ya tatu Mama Mikanda alimshika mkono mhudumu wa ndege, akamsihi aulize huko. Mhudumu alirudi na jibu jioni hiyohiyo: mdogo wake amefanyiwa upasuaji wa tumbo.

"Nilikaa hapa hapa kwenye kiti, nikalia kama mtoto. Dakika hamsini tu, na mimi sikuwepo!"

Sasa mgonjwa yuko nyumbani, lakini hata ndoo ya maji hawezi kuinua. Tena ana ulimi uleule. "Dada," alimwambia kwenye simu, "ndege unaisugua kila siku, kuipanda ndiyo unashindwa?"

Maneno hayo yalimchoma, maana ni ya kweli. Kila mwaka wafanyakazi hupewa safari moja ya bure, na kila mwaka yeye huiacha ipite. Injini ikinguruma, hata akiwa chini, huziba masikio kwa viganja vyote viwili. Kuna siku mlango ulifungwa yeye akiwa bado chooni anasugua. Ukelele alioupiga, wenzake wanauigiza mpaka leo.

Mwaka huu ameichukua. Anaondoka Jumamosi, na kiti alichoomba hakuna haja ya kuuliza.

"Naogopa, sidanganyi," anasema. "Lakini nitamfulia, nitampikia, nitamgombeza. Nina hamu sana na yule mtu."

Kazi imekwisha. Anarudi safu ya mwisho na kuukunja mkanda, wa kushoto juu ya wa kulia, ingawa huko hakuna wa kuusoma. Mhudumu anapita akicheka, anamuuliza kama yuko tayari.

"Jumamosi ukae karibu nami, mwanangu," anamjibu. "Mikanda yote hii nimeikunja mimi. Kuufunga hata mmoja, sijui."