Mkono wa Germana

Wapo watu Oldeani watakaokwambia Blandina alikuwa mpole. Hao hawakuwepo shambani siku alipomkalia kooni Mwalimu Piusi.

Blandina alizaliwa Rhotia, akaletwa kwenye shamba kubwa la kahawa la Oldeani akiwa mgongoni kwa mama yake. Alipojua kutembea tu, akawekwa chini ya mibuni aokote kahawa zilizodondoka. Sheria ya kukataza watoto kufanya kazi ilikuwepo, ila kahawa ya mtoto iliingia kwenye debe la mama, basi mtoto nani alimwona? Shule aliisikia kengele tu. Kila alipoiomba, wazazi walimwambia mwakani, mpaka akaolewa.

Mwaka 1978 serikali ikasema kila mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe, mzazi apende asipende. Blandina alifurahi jamani! Mwanawe wa kwanza, Germana, alikuwa ametimiza, ingawa cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Kipimo kikawa kile cha siku zote: pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili.

Germana akapitisha. Vidole vikaishia juu ya sikio.

"Bado mdogo, mama," Mwalimu Piusi akasema. "Mlete mwakani."

Mwakani tena! Damu ikamchemka Blandina. Akamshika mwalimu mkono, Germana nyuma yao, huyoo, mpaka shambani kwa mnyapara Josephati.

"Mnyapara, mwalimu anasema huyu mdogo. Basi kuanzia leo asiguse kahawa yenu."

"Mdogo? Thubutu!" Josephati akang'aka. "Huyu anamshinda mama yake kuchuma! Mtu mzima kabisa huyu!"

Piusi akacheka mpaka akajifuta machozi. "Haya, mkubwa wa debe ni mkubwa wa darasa." Akamwandikisha palepale, na Josephati akabaki kuulaumu mdomo wake.

Januari Germana akaanza shule, sketi imemfika vifundoni. Msimu uliofuata debe la mama yake lilichelewa kujaa, naye wala hakujali. Raha aliyokuwa nayo haikuwa ya debe.

Asubuhi moja kengele ya shule ililia, Josephati akamkuta Blandina kasimama kati ya mibuni, mkono juu ya kichwa, kashika sikio.

"Mama Germana, unajikuna nini?"

"Najipima." Akacheka. "Kumbe nilifika zamani, mnyapara. Hakuna tu aliyekuja kunipima."

Akashusha mkono, akaendelea kuchuma.