Klaksoni ya Matabishi

Kisa chote kilinigharimu dola mia mbili na kumi na moja. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata mia mbili na nane, nikapumua, kisha mke wangu akanikumbusha zile tatu za kufulisha suti ya kaka yake, ambayo gari langu liliitemea maji ya radieta. Suti yenyewe ilikuwa kuukuu, lakini shemeji ni shemeji. Na kitu kilichoniponza, ili mjue jinsi dunia ilivyo, nilikipata bure.

Gari nililinunua Uvira, kwa mtu aliyekuwa akihama. Gari dogo, jeupe, usukani kuume, limekwisha kuzunguka dunia kabla ya kunifikia. Tulibishana bei tangu asubuhi hadi jua likatuzidi wote wawili. Alipogoma kushuka tena, nilimwuliza swali ambalo mtu wa Bukavu huuliza akiwa amekwisha kukubali moyoni:

“Sawa. Na matabishi?”

Matabishi ni kile kinachoongezwa baada ya bei kukubaliwa. Muuza maharagwe anakutupia kiganja cha ziada, muuza viatu anakupa kamba. Ukiondoka bila matabishi umeibiwa, hata kama bei ilikuwa nzuri. Yule bwana alitazama uwanja wake, akaona klaksoni ya lori imelala karibu na kuku, akaiokota.

“Chukua hii. Hata ng'ombe za Luvungi zitakupisha.”

Nilimwambia aifunge mwenyewe, maana klaksoni isiyofungwa si matabishi, ni mzigo. Aliifunga kwa bisibisi na meno, kwa muda wa mtu kumaliza soda. Alipoibonyeza, kuku wote wakahama kabla yake.

Nikapanda nayo Ngomo, ile barabara ya kona juu ya kona inayotoka bonde la Ruzizi. Kwenye kila kona nilipiga mara moja, kifupi, na malori yakanijibu kwa adabu. Mshale wa joto ulikaa katikati kama mtu aliyeshiba. Niliingia Bukavu nikiwa nimejisamehe bei.

Gari halikunisumbua kazini, halikunisumbua sokoni. Lilinisumbua kwenye harusi.

Harusi ya kwanza ilikuwa ya mtoto wa jirani. Kwetu msafara wa harusi una sheria mbili: kwenda polepole ili watu waone, na kupiga klaksoni bila kupumzika ili wasioona wasikie. Kwa sheria ya pili mimi nilikuwa mfalme. Tulitoka kanisani, nikaegemeza mkono kwenye klaksoni, na watoto wa Nyawera wakatufuata wakirukaruka. Tulipokaribia mtaa wa Essence, klaksoni ikakohoa, ikanyamaza. Nikasema imechoka, nayo ni mzee. Hatujafika mbali, mshale wa joto ukapanda hadi mwisho na mvuke ukatoka chini ya boneti. Shemeji, aliyekuwa amekaa kando yangu, akashuka kutazama, akafungua kifuniko cha radieta kabla sijasema neno. Suti yake mnaijua.

Jumatatu nilifanya kama kila mwenye gari wa mji huu. Kwetu fundi hagusi ugonjwa wa mwenzake. Habari ya maji niliipeleka kwa fundi wa injini, habari ya klaksoni kwa fundi wa umeme, upande wa pili wa barabara. Wa injini alibadilisha kifuniko cha radieta. Wa umeme alitoa fyuzi iliyoungua, akaweka mpya, akadai bei ya fyuzi na bei ya kuinama. Gari likapona. Nikamsifu fundi wa injini kwa watu wote.

Harusi ya pili ilikuwa Muhumba, na klaksoni ikafa tena. Gari nalo likachemka. Fundi wa injini akasema ni thermostat, kile kilango cha maji ya injini, akaitoa, akasema katika nchi zetu haina kazi. Wa umeme akaweka fyuzi, akainama. Gari likapona. Harusi ya tatu, Nguba, klaksoni ikafa na gari likachemka bibi harusi akiwa bado anashuka ngazi za kanisa. Sasa ikawa pampu ya maji, na hapo ndipo sehemu kubwa ya zile dola ilipozama. Fyuzi, kuinama. Gari likapona tena, kwa mara nyingine, kama mlevi siku ya Jumatatu.

Katikati ya hayo yote tulimzika mzee mmoja wa mtaa wetu. Nilibeba wajane wawili na mashada, mwendo wa konokono, mlimani, jua kali. Mshale haukusogea.

Sasa niwaambie kuhusu baraza letu. Jumapili baada ya misa ya kwanza, wanawake wanaposalimiana na watoto wanapotafuta maandazi, sisi wenye magari tunabaki uani kwa kanisa na kufungua maboneti. Hakuna aliyetualika. Mmoja anasikiliza injini ya mwenzake kama daktari, mwingine ananusa kijiti cha oili, wa tatu hana gari ila ana maoni. Swali halikosi: hii inatumia mafuta sana, ni nini? Ile inavuta kushoto, ni nini? Bei ya matairi kwa wale wa Kadutu, bado ni ile? Ushauri ni bure, na ndiyo maana ni mwingi.

Niliposimulia ya harusi na ya mazishi, walicheka mpaka muuza maandazi akasogea kusikiliza.

“Ile gari yako iko ya padri,” alisema mmoja. “Ilikula kiapo. Ndoa, inakataa. Kuzika, inakubali.”

“Ao iliachikaga kule Uvira,” akaongeza mwingine. “Ikiona nguo nyeupe inakumbuka.”

Nilicheka pia, kwa kuwa binti yangu wa kwanza alikuwa bado hajatangaziwa ndoa. Alipotangaziwa, kicheko kikaisha.

Binti yangu hakutaka mengi. Alitaka atoke kanisani katika gari la baba yake, baba yake akiendesha. Alikuwa ameliosha gari hilo tangu siku ya kwanza, akijua kila mkwaruzo wake. Mama yake alikuwa na mpango mwingine: gari la kaka yake, yule wa suti, jipu kubwa, nyeusi, haijawahi kutema mtu.

“Papa wa batoto,” alisema, “mutoto atafika kwenye sale ya karamu na uso ya mvuke. Poda yote itakuwa uji.”

“Maman, nimebadilisha pampu.”

“Ulibadilishaka na kifuniko.”

Binti akatuangalia wote wawili, akasema, “Papa, miye nakungoja weye. Lakini kama mpaka Jumapili mbele ya harusi haujajua iko na nini, nitaingia kwa jipu ya tonton.” Alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu akikukasirikia unaweza kupunguza bei. Akikusikitikia, bei imekwisha.

Jumapili hiyo nilifungua boneti uani kwa kanisa kama mtu anayefungua kesi. Shemeji alikuwepo, amekuja kwa jipu, ameiegesha pale ambapo kila mtu angeiona. Baraza likaanza. Mmoja akasema gasketi ya kichwa cha injini; nikamwambia gasketi ni bei ya ng'ombe, atafute ugonjwa mwingine. Mwingine akasema ni maji: nisitumie ya ziwa, nitumie ya mvua. Mwingine akasema nitumie ya ziwa. Nikawanyamazisha.

“Nyinyi wote mulikuwa kwenye mazishi ya muzee,” nikasema. “Na mulikuwa kwenye harusi ya Muhumba. Mwendo ni ule ule. Mlima ni ule ule. Hata watu ni wale wale. Ju ya nini inachemka kule, na huku hapana?”

“Kule munacheka, huku munalia,” alisema yule asiye na gari.

Shemeji akajibu kwa furaha kubwa, kwa kuwa alikuwa na hadhira: “Muache iende kwa taka! Hata klaksoni yake inakufaka pamoja na yeye. Kwanza klaksoni, kisha motere. Kama bibi na bwana yake! Naweka kasha moja ya bia: ile gari haitafika kwenye sale.”

Wote wakacheka. Mimi nilirudia maneno yake. Kwanza klaksoni, kisha injini. Kila mara. Nami nilikuwa nimeyagawa magonjwa hayo barabara katikati, nusu kwa fundi huyu, nusu kwa fundi yule. Na kwenye mazishi nani anapiga klaksoni?

“Kasha moja,” nikasema. “Ya baridi?”

“Ya baridi.”

“Munasikia wote.”

Niliwasha gari, nikaliacha lingurume bila kutembea. Tulingoja. Mshale ulipofika mahali pake, feni ya radieta ikaanza kuzunguka, vuuu, na upepo ukatupiga usoni. Hapo nikaingia ndani nikaegemea klaksoni kwa nguvu zote. Ndani ya kanisa misa ya pili ilikuwa imefika kwenye mahubiri. Klaksoni ya lori ililia juu ya paa, juu ya mahubiri, juu ya mji, kisha ikakohoa na kunyamaza. Kimya kikawa kizuri. Kizuri kupita kiasi, kwa sababu hata feni ilikuwa imesimama.

Nilifungua kisanduku cha fyuzi, nikavuta moja, ndogo kama ukucha. Imeungua. Moja tu, ya feni, na yule bwana wa Uvira, katika haraka yake ya soda, alikuwa amefunga klaksoni kwenye waya ule ule. Ukiwa njiani, upepo unapoza injini, feni imelala, klaksoni ikilia kidogo hakuna shida. Kwenye harusi feni inafanya kazi, klaksoni inalia mfululizo, na fyuzi moja haiwezi kulisha wawili hao. Inaungua, wote wanakufa, injini inachemka. Kila mara fundi wa umeme alipoponya klaksoni aliponya na gari bila kujua, na sifa nilimpelekea jirani yake, pamoja na pesa.

Mhudumu wa kanisa alitoka amekunja mikono ya kanzu.

“Baba Padri anauliza: nani amekufa?”

“Matabishi,” nikamjibu.

Fundi wa umeme alinitajia bei ya kuvuta waya mpya na fyuzi yake peke yake: dola ishirini na tano. Nilisema kumi. Alishuka hadi kumi na nane, nikapanda hadi kumi na mbili, na hapo tulisimama kama malori mawili kwenye daraja jembamba. Jumamosi, siku ya harusi, ikatukuta pale pale. Basi niling'oa klaksoni na waya wake, nikaweka fyuzi mpya kwa mkono wangu, bila kulipa kuinama.

Ndivyo binti yangu alivyotoka kanisani katika gari la baba yake, limeoshwa, lina riboni, na bubu kabisa. Bibi harusi bila klaksoni, katika Bukavu! Tulipofika Nyawera mwanamke mmoja aliyebeba ndizi alisimama, akatutazama, akauliza kwa huruma:

“Papa, iko harusi ao iko kilio?”

Bwana harusi alikaa kando yangu; kiti cha nyuma, pamoja na binti, dada zangu wawili, ambao hawajawahi kunyamaza bila kulipwa, walishusha vioo na kupiga vigelegele hadi ndizi zikatikisika kichwani mwa yule mama. Nami nikatoa mkono dirishani, nikampungia shemeji aliyekuwa nyuma yetu. Tulikuwa tumepatana kwa sharti moja, na binti ndiye aliyemwomba, kwa hiyo hakuweza kukataa: jipu yake ndiyo ingepiga klaksoni kwa ajili yetu, njia nzima. Akapiga. Akapiga kwa mkono wa kuume, akapiga kwa mkono wa kushoto, na kila nilipopunguza mwendo ili watu watazame vizuri alipaswa kupiga zaidi. Nilipunguza mwendo mara nyingi.

Binti hakuangalia watu. Aliinama mbele, na shela lake likinigusa sikio, akatazama mshale wa joto pamoja nami. Ulikaa katikati. Pale Essence ulikaa katikati. Mbele ya sale ulikaa katikati. Nilipozima injini, alisema, “Papa, poda iko?” Nikageuka nikamtazama. Poda yote ilikuwepo.

Shemeji alishuka akikunja na kukunjua vidole. Alisema gari lililosukumwa kwa klaksoni ya mtu mwingine halijafika lenyewe, kwa hiyo atatoa nusu kasha. Nilimwambia bia ya nusu kasha huuzwa kwa watu wa nusu neno. Lilikuja zima, na la baridi.

Mambo yangeishia hapo. Lakini binti yangu wa pili amekwisha kuanza kuleta kijana nyumbani siku za Jumapili, na juzi, akinipa chai ambayo sikuiomba, aliniambia kwamba yeye harusi bubu hataki. Anataka ile klaksoni ya lori, ilie kutoka kanisani hadi sale. Klaksoni ninayo bado, chini ya kitanda. Fundi wa umeme naye yupo bado, kwenye kumi na nane, na ananisalimu kama mtu mwenye wakati. Basi ninyi mlio na magari, mliokwisha kuvuta waya wa namna hiyo, niambieni kwa ukweli: bei ya haki ni ngapi? Na tafadhali msinitajie ile ya kwanza. Niambieni ile mliyolipa, na mliongezewa matabishi gani.