Kiwanja Kisichowezekana

Mke wangu alirudi nyumbani na karatasi ya kiwanja alichokipenda kule Buswelu. Mwenye kiwanja, mzee mstaafu wa kivuko cha Busisi, alikuwa amekichora kwa mkono: pembe tatu, na kila upande idadi ya hatua zake. Thelathini, ishirini, sitini.

Nikamwambia kiwanja hicho hakipo.

"Umejuaje, na hujakanyaga huko?"

Ninafundisha hesabu sekondari, lakini hili halihitaji ualimu. Anayetoka kona moja kwenda nyingine moja kwa moja hawezi kutembea zaidi ya aliyepitia kona ya tatu. Aliyezunguka ana hatua hamsini. Wa njia fupi atapataje sitini? Sikuhitaji kufika. Hata kingekuwa mwezini ningejua. Na hapohapo nikajua jambo la pili: yule mzee ni tapeli.

Jumamosi tukaenda. Shikamoo niliitoa mdomoni tu. Mzee alitaka kutuletea viti, nikaona anatuchelewesha makusudi. Nikamwomba apime ule upande mrefu mbele yangu. Akaanza kuhesabu kwa sauti, nami nyuma yake nikimkodolea macho miguuni asije akafupisha hatua. Katikati ya mpaka palikuwa na jiwe kubwa kuliko nyumba. Akalizunguka huku anahesabu, akatokea ng'ambo, akafika konani. Sitini.

"Mwanangu, niliandika nilivyotembea," alisema. "Hilo jiwe siwezi kulipanda."

Hesabu yangu haikuwa na kosa. Kwa mstari ulionyooka hatua hizo hazifiki hamsini. Hakuna aliyewahi kuzipima, na bado ninajua. Ila mzee hakuwa amedanganya chochote.

Tukiwa njiani kurudi, mke wangu aliniuliza kama ule utapeli niliujua kwa namna ileile niliyoijua pembetatu. Nilijichunguza.

"Ileile," nilisema. "Ndani sikusikia tofauti."

Jibu hilo lilinitia wasiwasi kuliko kiwanja chenyewe, ambacho tulikinunua. Siku hizi jambo likinijia kichwani likiwa wazi kabisa, halina hata doa, ndipo ninapoanza kulishuku.

Wiki iliyofuata nilirudi peke yangu kumwomba mzee radhi. Alinitazama bila kuelewa. Hakuwa ametambua kwamba nilimshuku, na mimi nilikuwa na hakika alijua tangu salamu ya kwanza.