Glasi Zenye Msalaba Chini

Sitajifanya mnyonge: kwa kuosha glasi, Hurlingham nzima hapa Nairobi sijaona wa kunishinda. Ndiyo maana Madam, mwenye baa ninayofanyia kazi, alipoletewa glasi kumi na mbili kutoka Meksiko, alinikabidhi mimi. Zilikuwa fupi na nene, zenye mistari ubavuni, na chini ya kila moja palichorwa msalaba. Alinieleza kwamba kule mshumaa huwashwa kanisani ndani ya glasi kama hiyo. Nta ikiisha, glasi huoshwa na watu huinywea meskali, pombe kali ya mmea ulio ndugu wa mkonge wetu. Hairushwi kooni, huonjwa kidogo kidogo.

Ijumaa tulizitumia mara ya kwanza. Maji ya jikoni yakaziachia ukungu mweupe ulioniudhi sana, hivyo Jumamosi nikabeba sita hadi kwangu Kabiria, nikazichovya kwenye siki mpaka zikang'aa, nikaziacha mezani.

Mama alikuwa amenitembelea kutoka kwetu Vihiga. Yeye ni mtu wa kanisa hasa. Kwetu ndiye huandaa Meza ya Bwana, na hata ugenini hawezi kukaa bila kujitafutia kazi madhabahuni. Alijua nimeajiriwa hotelini. Hoteli gani na kazi gani, hilo nililizungusha miaka minne, maana kwa Mama baa na jehanamu vina mlango mmoja, nami niliogopa asije akanikana.

Jumapili yeye alitangulia kanisani, mimi nikachelewa. Nilipoingia, pasta alikuwa akiinua kikombe. Nikaiona ile mistari. Glasi zangu sita zilikuwa juu ya kitambaa cheupe, zimejaa juisi ya zabibu. Mama alikuwa ameziona asubuhi, akaona msalaba, akazibeba bila kuuliza. Juzi tu zilikuwa midomoni mwa wanywaji wa Hurlingham. Nilitamani ardhi inimeze.

Ibada ilipokwisha, Mama alinishika mkono mbele ya pasta. "Huyu ndiye kijana wangu. Si umeona vyombo vya kazini kwake viko na msalaba? Mimi nilijua tu hiyo hoteli ni ya watu wa Mungu."

Ningeweza kunyamaza. Ila niliona uchungu. Miaka minne nimeisomea kazi yangu kwa mikono, halafu nisifiwe kwa kazi ya kubuniwa? Tulipofika nyumbani nilimwambia kabla hajatua mkoba.

"Mama, ni baa. Hizo ni glasi za pombe. Mimi ndiye namimina."

Alikaa kitako. Kisha alichukua simu, akampigia pasta, akamweleza yote na kuomba msamaha kwa niaba yetu sote wawili. Kesho yake asubuhi aliniamsha.

"Baba, nipeleke hapo kwenu," akasema. "Lakini kabla walevi hawajakuja."

Alikuja amejifunga kitambaa chake cha kanisa kichwani. Hakuzitazama chupa. Alisimama kaunta nilipozipanga zile glasi sita tulizorudi nazo, akainua moja kuelekea dirishani, akaizungusha, akachukua nyingine. Alizikagua zote sita. Alikuwa anatafuta doa, na angeliona angelisema.

"Unakausha na nini?"

"Sikaushi na kitambaa. Nainamisha, hewa inakausha."

Akaguna. Kwetu vikombe vya sakramenti hukaushwa hivyo hivyo.

Madam alitoka ofisini, akamkaribisha kwa heshima na kumuuliza atakunywa nini. Mama akaomba maji. Nilimmiminia katika glasi ya msalaba, akanywa akaimaliza, akaiweka juu ya kaunta.

"Madam," akasema, "mimi pombe siipendi na sitawahi kuipenda. Lakini huyu, kuosha glasi, nilimfunza mimi."