Shanga za Bluu Kwenye Tanuri la Mkwe

Jamani, hii aibu nimeificha miaka, na hata leo nikipita Suji nashusha kofia usoni, lakini acheni niwasimulie mwenyewe, maana mliosikia kwa wengine mmetiliwa chumvi.

Ilikuwa enzi zile duka la kijiji lina viberiti tu, na ukipata sabuni unaisimulia. Mimi fundi baiskeli pale Same, nimemchumbia Namsifu wa Suji, na siku moja akaniambia, macho yake kwenye ukungu ulioshuka milimani, kuwa anatamani shanga za bluu siku ya kuvishwa pete. Madukani hakuna. Nikaokota chupa ya bluu ya dawa, nikaiinua juani, nikaiona shingo ya Namsifu humo ndani (msicheke, nilikuwa kijana), nikaamua nitazitengeneza mwenyewe nyumbani.

Shida ikawa tanuri. Jiko la mkaa lilikipasha kioo moto tu, hakikuyeyuka. Pipa nililolikandika udongo likabomoka. Mhunzi wa mlimani alitaka nimvukutie moto wiki nzima, na baiskeli za watu zinanisubiri. Basi nikawaza: baba yake Namsifu anachoma matofali ya nyumba mpya, nami mkwe mtarajiwa nimeitwa kusaidia kuyapanga, moto upo, siku tatu mfululizo, nani atajua? Nikatwanga ile chupa na nyingine nilizookota, nikajaza unga wake kwenye vikombe vidogo vya udongo, katikati ya kila kimoja nikasimika kijiti cha muhogo kiungue kiache tundu, halafu nikavisukuma karibu na mdomo wa tanuri, penye moto mkali kuliko pote, kwa kuwa nilitaka zing'ae. Siku hizo tatu nilijilaza migombani nikitazama moshi ukipanda taratibu, nikiziona shanga zinaiva mojamoja kama ndizi. Nilikuwa na furaha sana.

Tanuri lilifunguliwa siku ya msaragambo, kijiji kizima kimekuja kusaidia kubeba. Mzee akavuta tofali la kwanza, halikutoka. Akavuta la pili, likaja na wenzake sita, yameshikana, vikombe vyangu vimepasuka na kioo cha bluu kimetiririka kati yake mpaka chini.

"Nani kaweka chupa kwenye tanuri langu?"

"Ni mimi, baba. Zilikuwa shanga. Za Namsifu."

Ningeishia hapo ningepona. Lakini shangazi yake akashika kiuno, akauliza, "Za shingoni au za kiunoni, mwanangu?" nami kwa woga, nikitaka nionekane mtu asiye na makuu, nikajibu, "Popote atakapopenda, shangazi."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Namsifu akajifunika kanga usoni, akakimbilia jikoni. Mzee hakucheka. Akasema posa tutaizungumza nikishafyatua mengine badala ya yote niliyoharibu, kwa mikono yangu, na mpaka hapo nisikanyage kizingiti chake.

Nilifyatua kiangazi kizima, nikimwona Namsifu kwa mbali tu akipita na ndoo. Nilipomaliza, serikali ilikuwa imeruhusu bidhaa za nje, na gulioni Same shanga za bluu kutoka ng'ambo zimemwagwa kwenye turubai, unachota kama maharage. Nililia kidogo, nakiri. Nikanunua uzi mmoja, nikapanda nao Suji. Namsifu akauvaa mbele ya baba yake (shingoni, Mungu ni mwema), na mzee akasema, "Haya, karibu ndani."

Niliapa siku ile: zawadi ya mapenzi siipiki tena kwenye moto wa baba mkwe, na shangazi wa mtu akiniuliza swali, nakohoa kwanza.