Mkebe Nyuma ya Miti

Herminda Quilodrán amefuga kondoo maisha yake yote kwenye nyanda za Santa Cruz, kusini mwa Argentina, na anaujua upepo wa huku kama mtu anavyomjua jirani mkorofi. Siku hizi macho yake yana ukungu, hawezi tena kulenga. Kwa hiyo puma, paka mkubwa wa mwituni, alipoanza kuua kondoo wenye mimba, ilimbidi amtegemee Rufino, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye macho ya tai na akili anayoijua mwenyewe.

Rufino alirudi kutoka mjini na boksi la risasi nyepesi.

"Hizi zina kasi, shemeji. Upepo hautaziona."

"Mbona kofia zako upepo unaziona zote?"

"Kofia haina baruti."

"Na kichwa kilicho chini yake?"

Herminda akamwekea mezani risasi za marehemu: ndefu, nzito, zilizochongoka. Hazina haraka, akamweleza kwa mara nyingine, lakini zinashika njia. Nyepesi husukumwa kama makapi. Rufino akacheka, akaenda kujaribu zake nyuma ya nyumba, kwenye kinga ya miti mirefu iliyopandwa kuzuia upepo. Mimi, jirani yao, nimeishi nchi nyingi zenye upepo. Ni huku tu ambako watu huukimbia kwanza, ndipo wapime bunduki. Mkebe wa majani ya mate, chai chungu ya huku, ukatoboka katikati. Akauleta jikoni kama kombe.

"Umeushinda upepo ambao haukuwepo," Herminda alisema.

Asubuhi tulimkuta puma ng'ambo ya korongo, amesimama juu ya mzoga, kichwa kimeelekea kushoto, kule upepo unakotoka.

"Lenga mbele yake," Herminda alinong'ona.

"Mbele yake hakuna kitu."

Alilenga kifua. Vumbi likaruka nyuma ya mkia. Puma akaondoka bila hata kuharakisha.

"Bunduki imepinda, shemeji."

"Imepinda tangu jana ulipotoboa mkebe?"

Jioni Herminda alitengeneza chai ya mate, inayonywewa kwa zamu kutoka kibuyu kimoja chenye mrija. Akanywa, akajaza kibuyu tena, akanipa mimi, kisha akanywa mwenyewe. Kumruka mtu kwenye mzunguko wa mate ni zaidi ya tusi. Aliporukwa tena, Rufino alishindwa kuvumilia.

"Mimi ni mtu au kiti?"

"Kiti hukaa kinapowekwa. Kesho utaupeleka huo mkebe juu, penye upepo, na risasi za kaka yako."

Alikwenda akinung'unika. Za kwanza hazikugusa kitu, kwani bunduki iliyorekebishwa shabaha kwa aina moja ya risasi haiitambui nyingine. Akarekebisha, akafuta mchanga machoni, akalaani ukoo mzima, wake mwenyewe ukiwemo. Hata zile nzito zilisogea, lakini kidogo, na kwa namna ambayo mtu anaweza kuizoea. Alirudi mkebe ukiwa kama chujio.

Puma aliua kondoo mwingine kabla hatujamwona tena, kwenye ukingo uleule. Safari hii Rufino alilenga hewa tupu mbele ya pua ya mnyama.

"Amelala?" Herminda aliuliza baada ya mlio.

"Amelala."

Nyumbani Herminda alijaza kibuyu, akampa Rufino wa kwanza. Bati la paa lilikuwa likigongwa na upepo tangu alfajiri. Rufino akavuta mrija, akanyoosha miguu.

"Lakini leo, shemeji, upepo ulikuwa umetulia kidogo."

Herminda akamnyang'anya kibuyu hajamaliza, akanijazia mimi.